Kitambaa Kisichokauka

Kitambaa hakikukauka. Mapenzi alikianika asubuhi pamoja na nepi za mwanawe, na kufikia adhuhuri nepi zote zilikuwa zimekauka kau, lakini kile kitambaa chekundu kilidondoka maji kama kilichotolewa kwenye beseni sasa hivi. Alikikamua, kikadondoka. Akakikamua tena. Maji yalinuka udi, na chini ya udi palikuwa na harufu ya nyama iliyolala.

Hakikuwa chake. Kilikuwa cha Bi Mwanafatuma, mganga wao pale Msambweni, ambaye Mapenzi alipojifungua alikuja kila asubuhi kumkanda miguu na kumpikia uji wa pilipili manga, wala hakutaka shukrani. Sasa Bi Mwanafatuma alikuwa na kesi. Cheti alichopewa na sirikali kilimruhusu kutibu kwa miti shamba tu, na yeye alikuwa akitoa majini na pepo. Polisi walimkamata, hakimu akamwachilia kwa dhamana na kumkataza kumgusa mgonjwa yeyote mpaka kesi iishe. Kibuyu chake, kilichofungwa shingoni kwa kitambaa kile, kiliwekwa nyumbani kwa Mramba, mumewe Mapenzi, kwa kuwa yeye ndiye naibu wa chifu na ofisi yake haikuwa na kufuli.

Mramba alirudi kula chakula cha mchana, akakiona kitambaa kwenye kamba.

"Mke wangu, umefanya nini?"

"Nimefua tu. Kilikuwa kinanata mafuta. Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Niliona haya bibi wa watu arudishiwe kitu kichafu."

"Kile ni kielelezo cha kesi, Mapenzi! Nitamwambia nini hakimu? Kwamba ushahidi umetiwa sabuni?"

"Mwambie sasa unanukia."

Wakacheka wote wawili. Mtoto wao Hadiya, aliyekuwa amelala mkekani, akafumbua macho na kutazama kona ya jikoni, pale kibuyu kilipokuwa, kikiwa wazi bila kifuniko.

Uani mbuzi alilia mara moja. Mramba alipotoka alimkuta amesimama kwa miguu yake minne, na kichwa chake kimegeuzwa nyuma kabisa, kinamtazama. Kisha akaanguka.

"Mapenzi," akaita kwa sauti ya chini. "Mchukue mtoto, toka nje."

Mapenzi alikwisha kumchukua. Alikuwa amesimama mlangoni, amemshika Hadiya kwa mguu mmoja, kichwa chini, kama mtu anavyoshika kuku wa kuchinjwa, na damu ilikuwa inamtoka yeye Mapenzi puani na kuingia kinywani naye anailamba, na sauti iliyotoka kwake ilikuwa sauti ya mwanamume mzito ambaye hajasema siku nyingi.

"Kiti changu mmekiosha," ilisema. "Basi nitakalia hiki."

Mramba akamrukia. Mkono ule ule uliokuwa ukimpakulia wali ukanyakua mchi wa kinu na kumpiga begani, mfupa ukalia, akaanguka, akainuka, akapigwa mdomoni, akatema meno mawili mchangani, akatambaa akamshika miguu, naye Mapenzi akamkanyaga vidole kimoja kimoja bila haraka, huku machozi yakimtiririka, kwa kuwa ndani ya mwili ule yeye mwenyewe bado alikuwapo na alikuwa anaona, na mtoto alikuwa ameacha kulia, midomo imegeuka ya buluu.

Nje ya ua wa makuti alikuwa amesimama Bi Mwanafatuma. Nyumba yake haikuwa mbali, alimsikia mbuzi.

"Ingia, bibi!" Mramba alimwambia, akijiburura hadi penye ua. "Ingia, nakuomba."

"Nimekatazwa, mwanangu. Nikivuka hapa nafungwa. Unaniomba kama nani? Kama sirikali, au kama baba?"

"Sirikali imevunjika mkono, bibi. Kama baba."

Akavuka.

Hakuwa na ngoma wala ubani. Alimwendea Mapenzi mikono wazi, mchi ukampiga mbavuni, akaendelea. Mapenzi alimng'ata shavu na nyama ikatoka, akaendelea. Akamkumbatia, akapitisha mkono chini akakishika kichwa cha mtoto.

"Nilikufunga kwa kitambaa, na kitambaa kimekwisha nguvu," alinong'ona. "Mwachilie huyu mdogo. Kalia hapa." Akajipiga kifua.

Mifupa yake ikalia kama kuni zinazovunjwa gotini. Mapenzi akaporomoka. Hadiya akakohoa, akalia, na hapakuwa na sauti tamu kuliko ile duniani. Kwenye kamba, kitambaa kilikuwa kikavu, kinapepea.

Lakini jirani mmoja, kwa hofu ya makelele, alikuwa amewapigia polisi simu. Wakaja wawili na gari.

"Bibi, si uliambiwa usimguse mtu?" askari mmoja, Elijah, alimwuliza.

"Mimi ndiye niliyemwita," Mramba alisema, mdomo umejaa damu. "Nikamateni mimi."

"Hayo utamweleza hakimu, mzee."

Mapenzi alimshika Bi Mwanafatuma miguu. "Nisamehe, bibi. Nilitaka kukufanyia wema."

"Najua, mwanangu. Tangu afe mama yangu, hakuna mtu aliyewahi kunifulia nguo." Alimgusa mashavu. Kisha akamgeukia Elijah, na sauti yake ikawa nyembamba. "Nitakuja kwa hiari yangu. Lakini msinitie chuma. Chuma kinamfukuza huyu, na atatafuta pa kukaa. Nipeni tu muda nimtengenezee kiti kingine. Nawaomba, wanangu."

"Bibi, hii ni sheria," Elijah akasema, wala hakusema kwa ubaya. Pingu zikalia, kwa! kwa!

Bi Mwanafatuma akafumba macho. Wakampandisha nyuma, Elijah akaketi kando yake na kuufunga mlango.

Mapenzi alisimama uani, mwanawe amemkumbatia kifuani, akalitazama gari likienda polepole kuelekea barabara kuu. Kabla halijafika kwenye kona lilianza kuyumba. Likasimama katikati ya njia. Milango haikufunguka. Hakuna aliyepiga kelele.

Nyuma yake, kwenye kamba, kitu kikadondoka mchangani. Tone moja. Kisha jingine.