Mikwaruzo Mitatu

Vumbi lilitoka jekundu. Kasha la laptopu lilikuwa la plastiki nyeusi, na fundi alikuwa akilisugua kwa msasa laini, kama alivyosugua mengine mengi; lakini kilichotoka chini ya msasa kilikuwa chekundu, na kilinuka chuma. Akajiambia ni kutu ya skrubu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Laptopu aliletewa na kaka yake, baba mmoja, mama mmoja. Juu ya kifuniko palikuwa na mikwaruzo mitatu iliyolingana, na kaka alisema ni watoto tu walichezea msumari, ifutwe apate kuiuza. Fundi akasugua mpaka ikafutika, akapaka dawa ya kung'arishia, akapitisha kitambaa. Mkewe, aliyekuwa naye kibandani akishona vifungo, akajitazama kwenye kifuniko, akacheka kwamba leo amepata kioo.

Kicheko kikakatika. Ndani ya kasha kitu kilikuwa kikikwaruza, taratibu, kama kucha zinazotafuta upenyo, na harufu ya udi ikajaa kibanda kizima, na mke bado amekikodolea macho kioo chake, midomo ikimchezacheza, mpaka alipofungua kinywa ikatoka sauti nzito ya kiume, isiyomjua hata mumewe, ikiuliza ni nani kaifungulia mlango.

Mganga alipoitwa, alitazama kifuniko kinavyong'aa, akashika kichwa.

"Ile haikuwa mikwaruzo," alinong'ona. "Zilikuwa chale. Nilizichanja mwenyewe, nikalifungia humo jini la mke wa kaka yako."

Na kaka alikuwepo siku hiyo, alishika taa. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani, na hiki kilikuwa cha tumbo moja!

Kwenye plastiki jini halirudi tena, mganga akasema. Lifungiwe hapo lilipo, na mkono uliofuta ndio utakaochanja. Basi fundi, aliyekula maisha yake yote kwa kuondoa mikwaruzo, akashika wembe akamchanja mkewe shavuni, chale tatu, huku akilia. Sauti ikanyamaza. Uchungu wa siku ile haujamtoka hata leo.

Kaka alikuja kutoa pole, mikono mitupu. Akamtazama shemeji yake shavuni, akamnong'oneza mdogo wake: hivi fundi hodari namna hii hana dawa ya kuzififisha alama zile?

Mke ndiye aliyejibu, akitabasamu, kwa ile sauti nzito.

"Mwambie afute, kaka. Nimepakumbuka kwako."