Pua Iliyojua Mchunga

Kipalizi kilikuwa na ukubwa wa kuku na miguu sita ya chuma. Mbele kilibeba pua, mrija mwembamba uliotambua harufu ya jani moja kati ya elfu. Kikinusa mchunga kwenye ufa wa saruji, kilichomeka sindano ardhini na kupuliza mvuke hadi mzizi ukaiva. Sekunde nne tu, kazi imekwisha. Mboga hiyo chungu ya porini, iliyolisha watu wa pwani miaka na miaka, ilikuwa imepigwa marufuku mjini Mwambani Mpya. Kampuni ya Minara ya Mboga iliuza majani matamu yaliyokuzwa ndani ya vioo, na haikupenda watu wachume ya bure njiani.

Aliyeifundisha pua hiyo ni mhandisi Hiyari Mbelwa. Aliyemfundisha Hiyari ni shangazi yake, Bi Mwanamkasi. Kwa miezi miwili Hiyari alishinda jikoni kwa shangazi, pua ya mashine mezani, akimdanganya mchana kweupe kwamba mashine itawatafutia wazee mboga. Maskini shangazi akatoa yote aliyoyajua: majani machanga ya kukatia kachumbari kwa ndimu na pilipili, na makubwa ya kuchemsha, kumwaga maji ya kwanza, kukamua, kisha kuunga kwa tui zito. Kila jani alilipikicha kwanza vidoleni mpaka utomvu utoke, ndipo akalisogeza kwenye pua ya mashine. Ndivyo walivyoutambua mchunga kwao. Hiyari, pamoja na shahada zake zote, hakuona kwamba hakuna jani hata moja lililoifikia ile pua bila vidole vya shangazi.

Pua iliona. Ikajifunza mchunga na vidole kuwa kitu kimoja. Vipalizi vilipoachiwa mitaani, cha kwanza kupita kwa Bi Mwanamkasi kilimkuta akianua nguo. Kilimchoma sindano kwenye dole gumba na kupuliza.

Siku ya tisa, saa nane mchana, Hiyari alifika na karatasi ya kampuni. Alipita katikati ya vipalizi vitano vilivyokuwa vikizunguka uani, navyo havikumjali, akaingia ndani.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Mwanamkasi aliitupia jicho karatasi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Una shida gani?"

"Karatasi ndogo tu. Inasema wewe ndiye uliyekishika kipalizi. Weka dole gumba hapa, watakutibu bure."

"Gumba lipi, Hiyari? Hili lililoiva?"

"La kushoto linatosha."

"Mimi nilishika kanga yangu kwenye kamba. Weye si ulisema kitawaokotea wazee mboga?"

Hiyari aliona haya, lakini hakuirudisha karatasi mkobani. "Shangazi, wakijua pua ina kosa, nitafukuzwa kazi."

"Ahaa. Kwa hiyo mie niwe mwongo ili weye ubaki mhandisi."

Hakupandisha sauti. Alikwenda pembeni kwenye sufuria kuukuu alimokuwa ameficha shina la mwisho la mchunga, akachuma majani kwa mkono wa kushoto, akayapikicha. Kisha akamkamata Hiyari na kumsugua utomvu viganjani, kiganja kwa kiganja, kwa nguvu.

"Niache! Unafanya nini?"

"Tulia. Nakufundisha."

Akaufungua mlango, akajificha nyuma ya ubao wake. Vipalizi vilisimama. Pua zote tano zikageuka na kumwelekea Hiyari.

"Siku tisa sijakanyaga uani," alisema Bi Mwanamkasi. "Haya, mwalimu wao. Nenda zako."

Cha kwanza kilipofika kizingitini, Hiyari aliubamiza mlango. Sindano ikagonga ubao na mvuke ukafoka chini ya mlango, miguuni pake. Alipiga kelele. Akatoa simu, akampigia mkuu wake.

"Zimeni vyote! Pua imejifunza mkono wa mtu. Kosa langu mimi, shangazi hakushika kitu."

Bi Mwanamkasi hakumpa pole. Alikwenda dirishani, akalifungua wazi kwa mkono wake mzima.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti, majirani wasikie."