Kidole, Tafadhali

Haya aliniambia shoga yangu mwenyewe, na si mtu wa kutia chumvi. Alikuwa karani wa uchaguzi, yule anayeshika chupa ya wino na kuwaambia wapiga kura kutwa nzima, "Kidole, tafadhali." Matokeo yalipotoka, watu walisambaza kwenye simu picha yake na njia ya kufika kwake, wakimwita mwizi wa kura. Akahama kimyakimya na mama yake na mwanawe mchanga. Hata mimi, niliyekuwa naye chanda na pete, sikujua anakoishi.

Jioni moja balbu ya chumba chao iliungua. Akashuka dukani kununua nyingine, na mama yake akafunga komeo kwa ndani.

Aliporudi, ngazi zilikuwa giza tupu. Akabisha kwa kucha, kama walivyokubaliana. Akasikia kandambili za mama zikiburutwa, kisha komeo likifunguka.

"Mbona unabisha tena?" mama akauliza gizani. "Si umeshaingia?"

"Nani kaingia, mama? Komeo si ulifunga?"

"Nilifunga. Lakini nimekusikia hapo kitandani, unamwambia mtoto, 'Kidole, tafadhali.' Nikasema moyoni, masikini, kazi imemkaa kichwani."

Shoga yangu akampita mlangoni. Alipapasa hadi kwenye kiti, akapanda, akaifunga balbu mpya, ikawaka.

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimechovywa wino, na wino ulikuwa bado unadondoka kwenye shuka.