Solange, Rudisha Jina la Banza!

Nina miaka arobaini na mmoja, mume, watoto wanne na meza ya samaki mkavu sokoni hapa Likasi. Haya ninayowaeleza sikuyasikia kwa jirani. Yamenipata mimi mwenyewe, Odette, na leo nayasema bila kumwogopa mtu!

Wasomaji wenzangu, kuna wimbo mmoja wa huku kwetu unaopigwa sana harusini. Ule wa mama anayemwita mtoto wake arudi nyumbani, mvua imeanza... Kama umewahi kuucheza, basi umeicheza sauti yangu. Ndiyo, yangu! Yule mwanamke mnayemwona kwenye video, amejifunga kitenge cha kung'aa, anapanua mdomo na kufumba macho, anaitwa Solange. Mdomo ni wake. Sauti ni yangu.

Na ule si wimbo wa harusi. Ule ni wimbo wa kilio!

Solange hakuwa mtu baki. Tulikua mtaa mmoja, tukaimba kwaya moja tangu tukiwa wasichana wa kubeba maji kichwani. Yeye alikuwa na umbo na ujasiri. Akisimama mbele ya watu, hata wazee waliacha kusinzia. Mimi nilikuwa na sauti, lakini watu wakinitazama tu, magoti yanatetemeka. Kwa hiyo nilisimama nyuma yake miaka yote. Aliniita pacha wake, nami niliona raha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi nguo yenyewe niliifua na kuipiga pasi!

Nilikuwa na kaka mkubwa, yaya Banza, maana huku kwetu mkubwa wako humwita yaya. Alikuwa mchimbaji wa mkono upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi uliofungwa na serikali lakini watu hawaachi kwenda, maana tumbo halijui kufungwa. Shimo lake lilikuwa chini ya mnunuzi mmoja wa madini ambaye watu walimwita Patron Dédé. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelegea, wenzake wakasema tusubiri. Patron Dédé akajibu kwamba anayeogopa aende jikoni kwa mke wake, shimo litapata wengine. Banza akaingia...

Tulimpata akiwa maiti. Patron Dédé hakufika hata kwenye kilio.

Kwetu, upande wa mama yangu, kuna desturi. Mwanamke akimlilia marehemu kwa wimbo, mwishoni hunyamaza kidogo, kisha huita jina lake pamoja na la mama aliyemzaa. Na mama huyo lazima aitikie. Tulifundishwa kwamba hivyo ndivyo marehemu anavyojua kwamba hakutupwa. Siku ile wimbo ulinitoka wenyewe, maneno yote, sijui kutoka wapi. Magoti hayakutetemeka. Nikanyamaza, nikaita, "Banza wa Ngoie!"

Mama yangu, mama Ngoie, alikuwa hajasema neno tangu maiti iletwe. Akainua kichwa akalia kwa nguvu, "Iko yangu! Minye njo nilimuzala!"

Kusikia mama akisema huyo ni wangu, mimi ndiye niliyemzaa, uwanja mzima ulilia. Solange alilia kuliko hata mimi.

Kilio kilipokwisha, akanijia na wazo. Wimbo kama ule usife, alisema. Kuna studio anayoifahamu, tuurekodi pamoja, Banza akumbukwe. Nani angekataa? Niliona ni upendo.

Studioni kuna utaratibu wao. Kwanza mtu anaimba sauti ya kuongoza, ili wapiga gitaa wajue wimbo unaelekea wapi. Baadaye mwimbaji mwenyewe anakuja kuimba vizuri, na ile ya kwanza inafutwa. Solange akaniambia, "Weye njo unajua wimbo muzuri. Imba ya kuongoza, minye nitajifunza, kisha shiye babili tutaimba pamoja."

Nikaimba nimevaa kandambili, natazama ukuta. Hakuna aliyekuwa ananitazama, ndiyo maana niliimba kama sijawahi kuimba. Fundi wa studio alivua miwani akapangusa macho. Wakaniambia niende nyumbani, wataniita.

Wataniita... Mpaka leo!

Siku moja niko sokoni napanga samaki, nikasikia sauti yangu kutoka kwa muuza vocha mwenye spika. Mungu wangu, nilicheka kwa furaha! Nilimshika jirani yangu wa meza nikamwambia sikiliza, ni mimi! Halafu nikasikia Solange anajitaja mwenyewe juu ya sauti yangu. Yakafuata mabanga, yale majina ya wakubwa ambayo waimbaji wetu huyarusha ndani ya wimbo ili wakubwa wafurahi. Hilo halikunishangaza, ni kazi yao. Mimi nilikuwa nasubiri mwisho. Muziki ukanyamaza, palepale nilipomwita kaka yangu. Na Solange akaita...

"Patron Dédé! Baba ya bantu!"

Jamani! Eti baba wa watu! Jina la mtu aliyemwingiza Banza shimoni, wamelikalisha mahali pa Banza! Samaki walinidondoka mkononi, na sikuwaokota.

Mama naye alikuwa ameshausikia. Nilipofika kwake hakupiga kelele, heri angepiga. Aliniuliza tu, "Odette, uliuzisha jina ya yaya yako?" Niliapa, nililia, nilimweleza kwamba pale mwisho ni Solange. Akasema, "Sauti ya mutoto yangu minaijua." Na kweli, tangu mwanzo wa wimbo alikuwa anamsikia mtoto wake. Angetofautishaje neno moja la mwisho? Akanigeuzia mgongo. Tangu siku hiyo, chakula nilichompelekea kilirudi na kifuniko chake, hakijaguswa. Mnajua maana ya kukataliwa ugali na mama aliyekuzaa?

Nilimwendea Solange. Alinikaribisha kwenye kiti kizuri, akanipa juisi. Nilipomwambia rudisha jina la Banza, alicheka. "Aka, Odette! Unalia juu ya jina? Banza alishakufa, Dédé iko muzima." Kisha akaniuliza nani ataniamini, maana, "bantu banaonaka minye ku video."

Niliiacha juisi yake mezani. Kiu yangu haikuwa ya juisi.

Nikaanza kusema ukweli sokoni, kwa sauti. Basi mabaya yakaja yameshikana mikono! Mume wangu alikuwa anapeleka madini kwenye depo ya Patron Dédé. Wakamfukuza. Akaniomba ninyamaze, tutakula nini? Mchungaji aliniita akanihubiria msamaha, maana Solange sasa alikuwa anaimba kanisani kwake, wimbo ukipigwa kwenye spika naye akichezesha midomo tu. Vijana sokoni wakaniita nyota wa samaki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Aka! Ya Solange ilikuwa na lami mpaka mlangoni.

Niliacha kuimba. Hata nikiosha vyombo, nilifunga mdomo. Nililichukia koo langu mwenyewe.

Halafu wakaja wageni wanaokusanya historia za wanamuziki kwa vinywa vyao wenyewe. Wapiga gitaa wa zamani, waimbaji, mafundi wa studio, wote waliitwa kwenye ukumbi wa mtaa mchana mweupe, na yeyote aliruhusiwa kusikiliza. Nilikwenda na harufu yangu ya samaki, nikakaa katikati. Mzee mmoja alisimulia jinsi walivyokuwa wakipiga gitaa kwenye baa za wafanyakazi wa kiwandani, na nilicheka mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Zamu ya Solange ikafika. Akasimulia kwamba wimbo ule ulimjia kwa ufunuo, akiwa katika maombi, peke yake. Peke yake! Banza hakumtaja hata kwa kukosea.

Mama mmoja kati ya wale wageni, aliyeshika kinasa sauti, akamwomba aimbe kidogo tu, bila vyombo. Solange akashika koo. Mafua, alisema. Labda wapige ile ya kwenye simu.

Nikasimama. Magoti yakaanza mchezo wao, nikayaacha yatetemeke, ni yangu. Nikasema, "Madame, usizime machini. Koo yangu minye iko muzima."

Solange alicheka, akawaambia wageni kwamba mimi ni muuza samaki mwenye wivu. Niliimba. Kufikia ubeti wa pili, yule fundi wa studio alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Yeye alijua! Niliimba mpaka mwisho, nikanyamaza kama desturi inavyotaka, nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Banza wa Ngoie!"

Nilikuwa nimeita bila tumaini la kujibiwa, maana niliamini mwenye kujibu yuko nyumbani, amenigeuzia mgongo...

"Iko yangu! Minye njo nilimuzala!"

Sauti ilitoka nyuma, mlangoni. Mama! Amejitanda kitenge kichwani, amesimama wima. Aliniambia baadaye kwamba alikuja kumtazama Solange usoni. Sikumbuki nilivyopita kati ya viti. Nakumbuka alinishika mashavu, mikono yake inanuka mkaa, akasema, "Nilikosa, mutoto yangu." Solange alitoka ameweka simu sikioni, na simu yenyewe haikuwa imeita.

Msidhani mambo yote yamenyooka. Wimbo bado unapigwa, na jina la Patron Dédé bado limo. Mume wangu anabeba magunia ya watu, na akichoka ananinunia. Mchungaji hanisalimii. Sawa! Mama yangu anakula ugali wangu, na ninaimba tena, mbele ya watu, magoti yakitaka yatetemeke.

Dada zangu mnaoimba, nawasihi msipite nilikopita. Usiiache sauti yako studioni ukaenda nyumbani kungoja kuitwa. Kaa hapo mpaka kazi iishe, hata wakikuonyesha mlango. Na ukiambiwa unyamaze kwa ajili ya amani, uliza kwanza ni amani ya nani.

Na ninyi wengine, mkiusikia wimbo ule harusini, chezeni, sikatazi. Lakini muziki ukinyamaza pale mwisho, msimwache Solange amalize. Iteni ninyi, kwa nguvu: Banza wa Ngoie!

Mama yangu bado yupo. Ataitikia.