Kidonge Kilichobaki Mezani

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, fundi alimeza dawa yake ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kisha akasimama mlangoni na kuwasha sigara. Binti yake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba na kwa ulimi mkali, alifagia vipande vya vitambaa huku akimsikiliza akikohoa.

Nesi wa kliniki alikwisha kumwonya. Dawa zimevibana virusi barabara, alisema, lakini moshi unakula mapafu na moyo, na mwenye virusi huumia upesi kuliko wengine. Fundi aliahidi kuacha. Yeye alirudi nyumbani, ahadi ikabaki kliniki.

Basi siku moja Sindano akaamka mapema, akaizika pakiti ya sigara ndani ya gunia la mabaki ya vitambaa.

Fundi alikiweka kidonge juu ya meza ya cherehani, akapapasa mfuko. Akavuta droo, akamwaga kopo la vifungo.

"Sindano, umeona pakiti yangu?"

"Sijaiona, baba."

Fundi akatoka, uso ameukunja kama suruali isiyopigwa pasi. Sindano akaenda shule akijipongeza moyoni.

Aliporudi mchana, baba yake alikuwa akishona kimya. Kando ya mkasi, kidonge kilikuwa palepale.

Sindano akaelewa kilichotokea. Kwa baba, dawa na sigara vilifuatana siku zote. Kimoja kilipokosekana, kingine kilisahaulika. Akisema, atagombezwa. Akinyamaza, dawa haitamezwa, na virusi havingoji mtu amalize kununa.

"Baba, hujameza dawa. Sigara nilizificha mimi. Nilikudanganya."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akakitazama kidonge, kisha mtoto. Akakimeza. Akavaa viatu.

"Twende kliniki."

Nesi aliwasikiliza bila kukaripia, akauliza hamu ya sigara humshika fundi lini zaidi.

"Nikishameza dawa tu," fundi alikiri.

"Basi tufumue hapo hapo."

Wakakubaliana kwamba akimeza asikaribie mlango. Akae kwenye cherehani atafune kipande cha tangawizi mpaka hamu ipite, na kila wiki arudi wazungumze. Akiteleza aje aseme, nesi aliongeza, pale hawachapi watu.

Aliteleza mara mbili, akaenda kusema. Miezi ikapita, kikohozi kikapungua, na wateja wakaacha kulalamika kuwa nguo zinanuka moshi.

Siku moja, akitafuta kiraka, fundi aliitoa ile pakiti guniani. Sindano akaacha kufagia. Baba yake akaigeuza mkononi, akaisokota, akaitupa kwenye pipa la taka, kisha akaendelea kutafuta kiraka.

"Ulinitakia mema, mwanangu, lakini kwa kuficha ulikaribia kuninyima dawa," alisema. "Ulinisaidia uliposema kweli. Nguo iliyochanika mpelekee fundi. Ukiikunja kabatini, tundu litakungoja."