Nakala Arobaini na Moja

Mikono miwili ilishika santuri moja, na hakuna aliyetaka kuiachia.

Soko la santuri la Tampere, Ufini, lilikuwa limefurika Jumapili hiyo: ndevu, makoti ya ngozi, fulana nyeusi zenye mafuvu, harufu ya majalada makuukuu na kahawa. Ossi Kallioniemi, fundi wa lifti wa miaka hamsini na moja, akainua macho. Mbele yake alisimama mwanamke wa rika lake, nywele zenye mvi amezisuka mkia mmoja, jaketi lake la jinzi limeshonewa viraka vya bendi za muziki wa hevi metali mpaka kitambaa hakionekani.

“Nimeishika kwanza,” akasema mwanamke.

“Niikague tu.” Ossi akatoa tochi yake ndogo, akaiinamisha santuri mwangani. “Kona ya jalada imebonyea. Mikwaruzo mitatu upande wa pili. Muuzaji ameandika daraja la pili, lakini hii ni ya tatu. Mwambie apunguze.”

“Unajua umefanana na daktari wa meno?”

“Nimewahi kuambiwa.”

“Na mimi ungenipa daraja gani, daktari?”

Ossi akaiva masikio kwa haya. “Sijui. Sijakukagua.”

Mwanamke huyo, Saila, mpishi wa shule, akacheka mpaka watu wakageuka. Mchana walikula pamoja soseji nyeusi za damu kwa jamu, chakula cha mji huo, na tangu siku hiyo simu haikupumzika.

“Unasikiliza nini, mpenzi?”

“Mvua.”

“Bendi gani hiyo? Siijui.”

“Mvua yenyewe, Saila. Nje.”

Miezi minane baadaye Saila alihamia kwa Ossi na masanduku kumi na moja ya santuri na begi moja la nguo. Watu wa santuri wakihamiana huunganisha rafu, na ikiwa wote wawili wana santuri ileile, nakala moja huuzwa. Zilipatikana jozi arobaini na tatu. Saila alipokwenda kazini, Ossi alishika tochi akakagua kutwa nzima, kwa haki, kama anavyokagua lifti.

“Za kuuza ni zile pale mlangoni,” akamwambia jioni, ameridhika.

Saila akazipekua. “Mbona zangu hizi?”

“Zako arobaini na moja. Zangu mbili.”

“Ossi! Hii niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Na hii ilimwagikiwa bia siku ile nilipo...”

“Doa nimeliona. Nimelikatia daraja moja tu.”

“Mimi nimezicheza santuri zangu, bwana wee! Zako umezilaza kama maiti!”

Masanduku kumi na moja yakarudi garini.

Ossi alipiga simu siku sita bila kujibiwa. Siku ya saba Saila akapokea.

“Saila, nimezifikiria upya zile santuri.”

“Ehe?” Sauti yake ililainika kidogo.

“Bado ni daraja la tatu.”

Simu ikakatwa.

Jioni hiyo Ossi alicheza nakala yake moja safi. Haikuwa na chembe ya mkwaruzo. Alikaa akisubiri mahali ambapo Saila hupayuka kiitikio na kugonga sufuria kwa mwiko. Mahali hapo pakafika, pakapita. Akainua sindano, akaenda kutafuta masanduku matupu.

Jumapili iliyofuata Saila alimkuta sokoni, upande wa wauzaji, nyuma ya meza iliyokuwa karibu tupu.

“Hizi ni zako, Ossi! Nakala safi namna hii, umerukwa na akili?”

“Nimeuza thelathini na nane. Zimebaki tatu.”

“Na rafu yako?”

“Ina mapengo, inatia aibu. Nataka santuri zako zirudi. Na wewe. Tuoane.”

“Kwa mpangilio huo?”

Mteja mmoja alikuwa akingoja na noti mkononi. Akangoja. Ossi alifikiri kwa makini.

“Wewe kwanza,” akasema. “Hizo nyingine kwa alfabeti.”

Saila akazunguka meza, akamsukuma kwa nyonga, akaketi kwenye nusu ya kiti chake.

“Alfabeti ya jina la bendi,” akasema. “Ukipanga kwa jina la mwimbaji, narudi kwangu.”