Sabuni Tatu za Bibi Felista

Kabla hakujapambazuka, mwiko uligonga ndoo: ko, ko, ko. Bibi Felista wa kijiji cha Mgori alikuwa akikoroga sabuni ya mafuta ya alizeti, magadi na maji ya mwarobaini. Kisha alichukua kipande kilichokwisha kukauka, akakigusa kwa ulimi. Akakunja uso.

"Chungu," alisema, akaridhika. "Hii ndiyo dawa."

Aliitengeneza kwa ajili ya mjukuu wake, Witness. Mtoto alikuwa na mapunye kichwani. Nywele zilimkatika, na wenzake walimcheka hadi akakataa shule. Bibi alimwosha kila siku, taratibu, lakini mabaka yalizidi kuongezeka.

Mchana huo Jesca, binti wa jirani, alikuja kusalimia. Alifanya kazi maabara, Singida mjini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko mjini hamli ugali?"

Jesca alicheka. Kisha akamwona Witness. Hakushtuka. Alichuchumaa, akamwomba ruhusa ya kutazama kichwa chake. Bibi aliona jinsi alivyomwomba, akampenda.

"Mapunye huletwa na fangasi," Jesca alisema. "Sabuni hii umeijaribuje, bibi?"

"Kwa ulimi. Ikiwa chungu, inaua."

"Ulimi wako hauna fangasi, bibi. Tena magadi yake yatakuunguza. Nipe, tukaijaribu kwa fangasi wenyewe."

Bibi alimpa tatu: ya mwarobaini, ya mchaichai aliyoipendea harufu tu, na moja isiyo na mmea wowote.

Jesca aliporudi tena kijijini, alifungua picha kwenye simu. Fangasi walikuwa wameota kama pamba kwenye visahani vya maabara, kila kimoja na kipande cha sabuni katikati. Sabuni isiyo na mmea waliizunguka kabisa. Ile ya mwarobaini waliikwepa kidogo. Lakini kuizunguka ile ya mchaichai kulibaki duara safi, pana.

"Kumbe sabuni yangu chungu imeshindwa na ya kunukia," bibi alisema. "Basi nimwoshe kwa mchaichai apone."

"Bado, bibi. Kwenye kisahani fangasi wako wazi. Kichwani wamejificha kwenye mizizi ya nywele. Sabuni haifiki huko. Itamsaidia usafi, lakini dawa yake ni vidonge vya zahanati. Na asichangie kitana wala mtandio na mtu."

Bibi alimvuta Witness karibu. "Nimemchelewesha mtoto."

"Umemwosha kila siku, bibi. Wengine huwaficha watoto ndani."

Kesho yake walikwenda zahanati. Witness alimeza vidonge hadi mwisho, hata mabaka yalipofifia hakuacha. Nywele zikaota, nyeusi na laini. Bibi aliendelea kutengeneza sabuni, ila kila aliyeulizia dawa ya mapunye alimjibu, "Hii ni ya kuogea. Mtoto mpeleke zahanati."

Jesca alipokuja kuwaona, Witness ndiye aliyemfungulia mlango, kichwa wazi, akicheka. Wakati wa kuagana alimshika mkono.

"Dada Jesca, uje tena. Lakini uje Jumamosi. Siku nyingine nakuwa shule."